Chuma cha Ndigana Shingoni Mwangu

Juzi asubuhi jirani yangu hapa Matongo alikuwa anamchoma ndama shingoni kwa chuma, na harufu ya nywele na ngozi inayoungua ikanifuata mpaka kwenye uji wangu. Nikasukuma kikombe. Msidhani namhurumia ndama. Harufu ile iliwahi kutoka kwenye shingo yangu mwenyewe.

Kwetu ndama akishikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe, matezi yanamvimba chini ya sikio. Wazee wanapasha chuma, wanayachoma. Baba yangu alisifika sana kwa kazi hiyo. Ndama wengi walikufa wakiwa wamechomwa vizuri kabisa, lakini hao hawakutajwa. Waliopona ndio waliosimuliwa, na baba akakaribishwa pombe.

Nilikuwa na miaka kama tisa matezi yaliponitokea mimi, matatu, shingoni upande wa kushoto. La kwanza lilianza kama punje ya hindi, likafika yai la kwale. Hayakuuma. Na kwa kuwa hayakuuma, kila mjuaji wa kijiji alipita akayabonyeza kwa kidole chenye tumbaku, akasema, "Kisichouma hakiui." Mimi nilikonda mpaka kaptula ikafungwa kwa kamba, ngozi niliyolalia ikaamka imelowa jasho, na wao wakaendelea kubonyeza.

Mwishowe baba akasema ni ndigana tu, mtu na ng'ombe shingo ni moja. Nikakalishwa kwenye kigogo mbele ya wanaume.

"Ukilia," akaniambia, "kesho unakwenda kuteka maji na dada zako."

Sikulia. Chuma ndicho kilicholia, nami nikakaza macho kwenye paa la ghala mpaka kikanyamaza. Wanaume wakaguna kwa heshima. Siku ile nilijiona mkubwa kuliko rika langu lote, na upumbavu huo ukaniingia kuliko chuma chenyewe.

Kidonda kikapona, matezi yakabaki, la nne likaota. Mama hakubishana na mtu. Alisema anakwenda kumsalimia kaka yake kule Morotonga, akanichukua, tukavuka mto Mara, siku mbili kwa miguu. Kumbe safari ilikuwa ya hospitali. Muuguzi, mama mnene asiye na subira, alitazama kovu langu akamuuliza mama, "Huyu ana mkia?"

"Hana."

"Basi mbona mmemtibu kama ndama?" Akatugombeza tena: "Mtoto akijikwaa, akapata mtoki kwenye nyonga, kidonda cha mguu kikipona na mtoki unanywea. Sasa tezi limepita wiki tatu, ni gumu, linakua, mtoto anakonda na kutoka jasho, mnangoja nini? Mnangoja liume?"

Wakalidunga sindano, wakavuta kilichokuwamo, wakapima. Kifua kikuu, ila kimekaa kwenye matezi. Nikabaki kwa mjomba karibu mwaka mzima, sindano na vidonge, mpaka shingo ikarudi kuwa shingo.

Mama aliponirudisha nyumbani, baba alinisimamisha mbele ya wageni, akanigeuza kichwa kama anauza fahali. "Mnaona kazi ya chuma changu?" Mama akaingia jikoni kusonga ugali. Mwaka mzima sikuwepo, na wageni walikula, wakasifu, wakaenda zao bila kuuliza nilikuwa wapi.

Halafu akaja Marwa, mkulima wa Kerende, na binti yake Ghati, wa umri wangu. Ghati alikuwa na matezi mawili shingoni, amefungwa kitambaa. Marwa alimsalimia baba, akakaa, akatazama kile chuma, kisha akanivuta pembeni penye vijana wenzangu.

"Mwanangu, niambie kweli. Kilichokuponya ni chuma, au kuna dawa ulikunywa kule ng'ambo ya mto?"

Vijana wakanitazama. Kumeza kidonge kwetu hakukuwa na sifa, hata bibi kizee anameza.

"Ni chuma," nikasema. "Na sikulia."

Ghati akachomwa jioni ileile. Naye hakulia. Alikufa kabla ya ulezi kuvunwa, na alichougua hakijulikani mpaka leo, maana hakupimwa.

Shule nimeishia darasa la pili, lakini nyumba ninayo, ng'ombe ninao, na mdomo wa kuwasema watu ninao pia. Nawasema vijana wa siku hizi wanaojibonyeza matezi miezi mitatu mbele ya kioo cha simu, na zahanati wanaipita kwa bodaboda kila siku. Baba nilimsema mpaka akazikwa. Wajuaji wa kijiji niliwaita wapumbavu wote, na bado nawaita.

Ila ilinichukua miaka mingi, mpaka nikawa na mabinti wangu mwenyewe, kuelewa lile la Marwa. Kijiji kizima, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na akili ya kuuliza kabla ya kuchoma. Na aliyeulizwa ni mimi.