Mama wa Muyeye na Krimu ya Ulaya

Nimepata habari wiki hii kwamba yule mama wa Muyeye, mpishi wa tambi na kamba, ametutoka na amezikwa kwao Ganze. Wasomaji mnaozunguka nami mikahawani, kutoka biriani ya Wahindi hadi injera ya Wahabeshi na wali wa kukaanga wa Wachina, niwieni radhi leo nisipowapeleka pahali papya. Nimehuzunika, lakini kila nikimkumbuka nasisimka kama siku nilipoonja chakula chake mara ya kwanza.

Siku hiyo nilikuwa katika mkahawa wa Kiitaliano hapa Malindi. Nikaletewa tambi pana na kamba wanono ndani ya mchuzi mweupe, mzito, mtamu ajabu. Mzungu mwenye mkahawa akaja mezani, nikamsifu, naye akazipokea sifa zote akitabasamu. Nikaandika kwenye safu hii kwamba mikono yake ina baraka, na kwamba krimu ya mchuzi ule haikosi imetoka Ulaya.

Siku tatu baadaye mama mmoja aliyejifunga leso akabisha mlangoni kwangu, nazi mbili mkononi na mbuzi ya kukunia kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe mwandishi? Yule mzungu wako hata yai hajui kukaanga! Zile tambi nimezipika mimi. Na hiyo krimu yako ya Ulaya, ngoja nikuonyeshe."

Akaikalia mbuzi yake pale pale barazani, akakuna, akakamua tui zito ndani ya kikombe. "Haya, onja."

Lo! Ladha ilikuwa ile ile. Mimi, niliyelelewa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, nilikuwa nimelila tui la kwetu nikadhani ni kitu cha ng'ambo, kwa sababu tu lililetwa na mhudumu aliyevaa tai. Mama akacheka hadi akafuta machozi, kisha akaniambia kilichomleta. Alikuwa anaacha kazi afungue mkahawa wake mwenyewe mtaani Muyeye. Nani angeamini kwamba mama wa Ganze anajua mapishi ya Kiitaliano, ikiwa gazeti limesema anayejua ni tajiri wake?

"Nisaidie, mwanangu. Ukinyamaza, nitapika nile peke yangu."

Niliona aibu, na kwa aibu hiyo nikapoteza wiki nzima nikitafuta namna ya kujisahihisha bila kuonekana mjinga. Namna hiyo haikuwepo. Nikaandika yote, hata la krimu, na mji mzima ukanicheka. Lakini Jumamosi ya ufunguzi viti vya plastiki havikutosha! Watu walikula wamesimama, Waitaliano wazee wakapangusa sahani kwa mkate huku wakimwita atoke wamwone. Akatoka, unga hadi viwikoni, na sijaona mtu akifurahi vile.

Ni jiko gani la mji huu lisilo na mtu kama yeye, Mgiriama, Mkamba au Mjaluo, anayepika vyakula vya dunia nzima huku sifa zikipokelewa na mwingine mezani? Mimi siku hizi naanzia jikoni, nauliza nani kashika mwiko, naandika nilichojibiwa. Mwandishi wa vyakula anayeogopa moshi aandike mambo mengine.