Chuma Nilichokisukuma Nyuma ya Shingo

Habari hii nimewahi kuieleza mara moja tu, kwa wanaume waliokaa kwenye mkeka wa msiba, na siku hiyo sikuwa na hiari. Leo naieleza kwa kupenda, ingawa aibu yake bado haijapoa, na nikifika kaburini nikapunguza maneno mtanisamehe.

Mimi ni mwalimu wa chuo, kule Chimwaga, nina miaka hamsini na miwili, naishi Area D, na kwa muda mrefu mazoezi yangu yalikuwa kutoka kwenye gari hadi darasani na kurudi. Daktari aliponiambia sukari inaninyemelea nikajiandikisha jimu moja ya mtaani, chumba kirefu chenye vioo upande mmoja na feni isiyozunguka, na kocha wake akawa Neema, binti wa Kigogo niliyewahi kumfundisha na kumpa C (yeye aliikumbuka, mimi nilikuwa nimeisahau). Kila asubuhi alinipa shikamoo, kisha akanitesa kwa heshima zote.

Mambo yaliharibikia kwenye zoezi la kusukuma chuma juu ya kichwa. Neema alinieleza kwamba ziko njia tatu. Unaweza kukianzishia kifuani ukiwa umesimama wima, mabega yafanye kazi yote. Unaweza kukianzishia kifuani hapo hapo lakini ukakunja magoti kidogo, miguu ikakisukuma mwanzo na mikono ikamalizia. Au unakiweka nyuma ya shingo na kukipandisha kutokea huko. Hii ya mwisho, alisema, si ya mabega kama yangu, yaliyofungwa na miaka mingi ya kuinamia karatasi za wanafunzi. Alitaka nianze na ya kwanza kwa chuma kitupu, na sahani za uzito zikiongezeka nitumie magoti.

Mtu mwenye akili timamu angesema ahsante akaendelea. Mimi nilienda nyumbani kusoma (huo ndio ugonjwa wetu sisi wa vyuoni, mtu akituambia tusogee kidogo tunaomba kwanza marejeo), nikasoma wiki nzima, nikajaza kurasa kadhaa za daftari, na mwisho nikatoa hukumu kwamba kutumia magoti ni udanganyifu, mabega yanapewa alama za kazi iliyofanywa na miguu, na mimi maisha yangu yote nimewakamata watu wa namna hiyo. Nyuma ya shingo ndiko kwenye uaminifu, niliona, kwa sababu ukiwa huko huwezi kuegemea nyuma ukajidai umenyanyua. Nilimpangia Neema hoja zangu zote. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Lakini bega halisomi."

Alhamisi moja Neema alitoka kupokea simu, nikabaki na mwenzangu wa idarani, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amejiunga jimu ile ile. Alikuwa akisukuma uzito wa kutosha, kwa magoti, tena kwa raha. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ule ni wizi. Akakitua chuma taratibu, akajifuta jasho, akaniita kwa cheo changu cha chuoni: "Basi nionyeshe, Daktari."

Sikupunguza hata sahani moja. Nilikiweka chuma chake nyuma ya shingo yangu, mara ya kwanza kikapanda, mara ya pili kikapanda kwa kutetemeka, na mara ya tatu kilipofika usawa wa masikio bega la kushoto lilitoa mlio kama njiti ya kibiriti inayovunjwa, mkono ukakunjika wenyewe, chuma kikarudi mgongoni na kuanza kunivuta, nami nikawa natembea kinyumenyume mbele ya vioo, nikijiona vizuri, mpaka nikakalia ndoo ya maji ya kupigia deki na kuingia humo barabara. Watu wawili walikitoa chuma. Wengine watatu walinitoa mimi. Mwenzangu hakucheka, na hilo liliniuma kuliko bega. Neema aliporudi aliangalia ndoo, akaniangalia mimi, akauliza tu kama vidole vinakufa ganzi, kisha akanisihi niende kupiga picha hospitali. Nikamwambia ni misuli tu. Mke wangu nilimwambia nimelalia mkono vibaya, na kuanzia hapo nikawa navaa shati nikiwa nimefunga mlango, kwa sababu mkono wa kushoto haukupanda kupita kifua.

Jumapili asubuhi ikaja simu kutoka Busi, kijijini kwetu Kondoa. Baba mdogo Jumanne amefariki.

Baba yangu alikufa nikiwa na miaka saba, na huyu mdogo wake ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli siku ya kwanza ya shule, na kwenye nyumba yake mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa, nikifuatiwa na Hamisi, mwanawe wa kumzaa. Kwetu anayeshuka kaburini ni mtu wa ndani. Unasimama chini, unanyoosha mikono juu, unapokea mwili kutoka kwa walio ukingoni, unaulaza pembeni kwenye mwanandani, lile shimo dogo la ubavuni mwa kaburi. Upande wa kichwa ulikuwa wangu, na hakuna aliyehitaji kunikumbusha. Ni kazi ya mara moja. Ukiikosea huna siku nyingine ya kuirekebisha.

Ningeweza kusema. Njia nzima ya Kondoa nilikuwa napanga maneno kichwani, lakini nikisema nimeumia bega wataniuliza nimeumiaje, na ningewajibu nini wazee wa sabini na kitu ambao bado wanalima kutwa kwa mabega yao? Nikanyamaza. Kwenye swala ya jeneza, tulipoinua mikono kwa takbira, mmoja wangu ulifika sikioni na mwingine ukaishia kifuani, nikajifariji kwamba kila mtu ameangalia mbele.

Tulishuka watatu: mimi kichwani, Hamisi katikati, jirani yetu Athumani miguuni. Juu yetu walitandaza shuka. Baba mdogo alikuwa amekonda sana, ugonjwa ulikuwa umemmaliza, alikuwa mwepesi kuliko kile chuma. Mkono wangu wa kushoto ulifika ulipoweza ukakataa. Kichwa kikashuka upande wangu kikagusa udongo wa ukuta, Hamisi akajitupa akakidaka kwa kiganja. Juu mtu alisema, "Taratibu, jamani, taratibu." Tukamlaza.

Tulipotoka watu walinishika mikono kunipa pole, wakisema huzuni imenizidi nguvu. Mzee Saidi, rafiki wa marehemu, aliwaonyesha wanaume wengine kwamba hivi ndivyo mtu anavyompenda aliyemlea. Nami nikainamisha kichwa, nikazipokea sifa hizo. Ndoo ile ya deki naweza kuizungumza siku yoyote. Hili la kuinamisha kichwa ndilo linalonichelewesha kila nikitaka kulisema.

Kesho yake mama mdogo, aliyekuwa ndani ameshaanza eda, aliniita mlangoni.

"Mwanangu, kaongee na mdogo wako," akasema. "Hali chakula, halali usingizi. Anasema alimvuta baba yake mapema, ndiyo maana kichwa kikagonga."

Nilitoka, nikakaa mbele ya Hamisi pale mkekani, wanaume wote wakisikia, nikaeleza kila kitu: njia tatu, daftari, mwenzangu, mlio wa bega, ndoo, na uongo niliomwambia mke wangu. Mzee Saidi ndiye aliyekohoa kwanza.

"Na hicho chuma, ukishakifikisha juu, unakipeleka wapi?"

"Nakirudisha chini, mzee."

"Pale pale ulipokitoa?"

"Pale pale."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Kicheko kikapita mkekani kidogo kidogo, watu wamefunika midomo. Hamisi hakucheka. Aliniangalia, uso wake umelegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akasema, "Kaka, ungeniambia. Ningeshika kichwa mimi."

Alikuwa baba yake. Nilikuwa nimekaa na heshima yangu mahali ambapo mtoto wa marehemu alitamani kusimama, na kwa kunyamaza nikamwachia na lawama yangu aibebe.

Vyuma sijaviacha. Nimeapa jambo jingine: nikiitwa kumbeba mtu, kwanza nitasema nisichokiweza, niseme kila mtu asikie, ili mwenye haki ya kushika apate kusogea.