Salamu Aliyomnyima Bi Dija

Swaumu wa Makurunge hakuzaliwa mpole, na waume wawili alioachana nao watakwambia hivyo bila kuulizwa. Lakini hasira ya mwezi ule wa nne ilikuwa ngeni hata kwake. Alirudi kutoka Vigwaza, alikokaa siku nne akimcheza mwali, maana yeye ni kungwi na huitwa mbali, akakuta nguruwe pori wamelifukua shamba lake la mpunga pembe hadi pembe. Mpunga uliokuwa umefika mapajani ulikuwa umelala kwenye tope. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mwaka mzima, chake na cha wajukuu zake watatu.

Na pale jirani, mpunga wa Bi Dija ulikuwa umesimama, haujaguswa hata jani.

Bi Dija ni kikongwe, rika la marehemu mama yake Swaumu. Alikuwa amekaa juu ya dungu lake, kile kichanja cha kulindia shamba, na debe bovu la kufukuzia wanyama mbele yake. Tangu utotoni Swaumu hajawahi kumpita bila kumwamkia. Siku ile alimtazama bibi, akautazama mpunga wake, akapita kimya. Wanawake waliokuwa wakipalilia walinyanyua vichwa, wakaona. Kwa watu wa huku, kumnyima mkubwa shikamoo mchana kweupe ni kumshtaki.

Kesho yake neno lilikuwa limeshaiva. Barazani kwa Swaumu watu walijaa kumpa pole. Huyu anasema ni mipango ya Mungu, yule anauliza chini chini ni nguruwe gani hao wanaochagua mashamba. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa kaka yake, Ausi, ambaye jembe hulishika akitaka kulisogeza tu.

"Dada, usihangaike," alisema. "Shamba tulilizindika pembe zote nne. Zindiko limepinduliwa, na aliyelipindua tunamjua. Kesho namleta fundi kutoka ng'ambo ya mto, amnyoe yule bibi mbele ya watu, uchawi umtoke."

Watu wakaitikia. Swaumu akawatazama wanavyokunywa chai yake, roho ikamchemka. Alimchukia Ausi, akawachukia wote, na aliyemchukia zaidi alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu alijua. Siku ya kwenda Vigwaza alipita njia ya mkato, akasukuma tawi la miiba lililoziba ua wa shamba, na hakulirudisha. Gari lilikuwa linamngoja, naye alikuwa na kanga mpya, hakutaka mwiba uzichane. Akajiambia zindiko lipo. Aliporudi, nyayo za nguruwe zilianzia pale pale kwenye uwazi, na yeye alizifuta kwa mguu wake kabla mtu hajaziona.

"Nyamaza, Ausi," alisema. "Ua niliuacha wazi mimi. Nguruwe wamepita mlangoni kama wageni walioalikwa, na nyayo zao nimezifuta mimi."

Akamgeukia kaka yake.

"Na wewe, katika siku zote nne, ulipanda dungu langu hata mara moja? Mlilala, nyote. Bibi wa watu anagonga debe mpaka alfajiri, halafu mnamwita mchawi kwa kuwa hakulala. Hamna haya?"

"Unajiaibisha, dada."

"Aibu ni yangu. Niache niibebe."

Watu waliondoka mmoja mmoja, pole zao wakaenda nazo. Swaumu alichukua panga, akakata miiba, akauziba ule uwazi mpaka viganja vikachuruzika damu. Kisha akazichimbua chupa nne za zindiko, akazitupa, akitukana kila moja. Maji bondeni yalikuwa bado yapo. Angepanda upya wiki ile, angevuna. Ila miche iliyosalia kitaluni ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Angeweza kumtuma mjukuu. Alikwenda mwenyewe, asubuhi, wapaliliaji wakiwa wamejaa bondeni. Akasimama chini ya dungu.

"Shikamoo, bibi."

Bi Dija aligonga debe mara mbili, ndege wakaruka. Hakumtazama.

"Maneno yako ya barazani nimeyasikia," alisema. "Lakini hukuninyima barazani. Ulininyima hapa, mbele ya hawa."

"Ni kweli, bibi."

"Marahaba, hiyo ni ya leo. Na ile ya juzi?"

Wanawake waliacha kupalilia. Hasira ilimpanda Swaumu mpaka kooni, akaimeza. Akapiga magoti kwenye tope, akapaza sauti wasikie mpaka wa mwisho.

"Shikamoo, bibi."

Bi Dija akagonga debe mara moja zaidi, ndipo akamtazama.

"Marahaba," alisema. "Miche iko nyuma ya mgomba. Kang'oe mwenyewe, mgongo wangu sikukopeshi."