Siku Nilipomkalia Mkwe Wangu Kifuani

Nilimkalia mkwe wangu kifuani. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo kila mtu wa Migori anapoanzia, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa akina mama wanaouza vitunguu sokoni, ambao siku hizi hawanisalimii tena, wananiita Jaduong', yaani mzee, na kuniuliza tu, "Jaduong', leo umekaa wapi?" Nilimkalia mchana kweupe, suruali imepasuka gotini, mbele ya timu mbili na shule nzima ya msingi. Na mbele ya shangazi yake, mama yule aliyechaguliwa kuwa jagam, yaani mshenga anayebeba maneno kati ya nyumba yao na nyumba yangu.

Na hata hajawa mkwe kamili. Ochieng' ni mwalimu kule Homa Bay, na anataka kumwoa Akinyi, binti yangu wa kwanza. Watu wake walikuwa wamepanga kuja kwangu Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, ziara ya kwanza ya heshima. Jambo kama hilo bado ni bichi, likitikiswa kidogo linaanguka. Mimi ndiye niliyelitikisa, tena kwa makalio.

Sasa mtauliza mzee wa miaka hamsini na minne, karani wa mahakama, alikuwa anatafuta nini uwanjani. Ni besiboli. Kuna mwalimu mgeni wa kujitolea aliyeuleta mchezo huo huku, akatuachia mipira tisa, glavu za kutosha timu moja (tunavuliana, wanaotoka wanawapa wanaoingia) na kitabu cha sheria. Magongo tulichongewa na fundi wa vitanda. Besi, vile vituo vinne ambavyo mkimbiaji anavizunguka, ni magunia yaliyojazwa mchanga. Wengi katika timu yetu ni walimu na makarani, na mimi ndiye mkubwa wao kwa umri, jambo ambalo watazamaji hawaliachi lipite. "Mzee anacheza raunda!" wanapiga kelele, kwa sababu hapa kwetu wanaojulikana kwa kukimbia besi ni wasichana wa shule. Nimezoea. Mke wangu ndiye hajazoea.

Jumamosi hiyo, sasa ni wiki mbili, Homa Bay walikuja kwa lori. Nilikuwa nimesimama pembeni nikiwahesabu wanavyoshuka (ni tabia ya kazi, siwezi kuona watu wakiingia mahali nisiwahesabu), na wa saba kushuka alikuwa Ochieng', mkononi ameshika kile kinyago cha chuma cha mdakaji. Mdakaji, kwa wasiojua, ni yule anayechuchumaa nyuma kabisa ya mwenye gongo ili adake mpira ukipita. Tukaonana. Akainamisha macho, akapitia upande wa pili wa lori. Nami nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kumwendea nahodha wetu, Mwalimu Onyango, nimwambie, "Mdakaji wao ni mkwe wangu, leo niache nikae." Maneno hayo hayamalizi hata dakika. Kwetu mtu na mkwewe hawataniani, hawagusani, hata wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Onyango ni Mjaluo kama mimi, angeelewa kabla sijamaliza. Lakini nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu, na nilikuwa nimewaambia watu wote wa ofisini kwamba nacheza. Nikaingia uwanjani.

Zamu yangu ya kwanza kushika gongo ikafika. Fikirieni hali yenyewe: mimi nimeinama kidogo, nimetoa makalio nyuma kama kitabu kinavyoelekeza, na nyuma ya makalio hayo anapaswa kuchuchumaa kijana anayetaka binti yangu. Nilisikia viatu vyake vikirudi nyuma. Hatua moja. Ya pili. Alipomaliza kurudi alikuwa mbali hivi kwamba mipira ilimfikia ikibiringika kama machungwa yaliyomwagika, na kabla hajaiokota watu wetu waliokuwa kwenye besi walikuwa wanakimbia kwa raha zao. Tukapata alama mbili bila mimi kugusa kitu.

"Ochieng', omera, una nini leo?" mtupaji wao alipiga kelele. "Huyo mzee ananuka?"

Ochieng' aliinama kuokota mpira. Angejibu nini? Nami nilijua jibu, na sikulitoa. Zamu ya pili ikawa vilevile, alama nyingine. Onyango akanipiga bega na kusema, "Jaduong', wewe una bahati, wanakuogopa!" Nikacheka. Nawaambia nilicheka.

Tukafika raundi ya mwisho, tisa kwa tisa. Zamu yangu, mipira minne mibaya, nikapewa besi ya kwanza bure kama sheria inavyosema. Waliofuata wakanisukuma hadi ya tatu, na hapo nilikuwa nahema kama mtu aliyebeba gunia la omena, dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru kwa miguu. Onyango akaja mbio.

"Toka, nikuwekee kijana akimbie badala yako."

"Mimi nitaingia mwenyewe."

"Jaduong', magoti yako yanatetemeka."

"Yanapasha moto."

Mwenzetu akaupiga mpira, haukwenda mbali, nami nikatoka. Nilijiona naruka, ingawa waliokuwepo wanasema nilikuwa kama mtu anayewahi choo. Nilipokuwa bado na hatua tano kufika nyumbani, yaani besi ya mwisho inayotoa alama, niliinua macho nikamwona Ochieng' amesimama pale, mpira tayari uko ndani ya glavu yake. Kwa kuwa besi ya nyuma yangu ilikuwa tupu, sheria haikutaka kingine ila aniguse na mpira huo. Akinigusa, nimetoka. Asiponigusa, nikakanyaga gunia, tumeshinda.

Hakunigusa. Alisimama kando ya gunia, mpira ameushika kwa mikono miwili mbele ya kifua, kichwa chini, kama anayenipokea mlangoni. Nami nikasimama, maana nisingeweza kumpita bila kumkwaruza. Nikaenda kulia, naye kwa adabu akanipisha kulia. Nikaenda kushoto, akanipisha kushoto. Uwanja mzima ukawa unapiga kelele, "Mguse! Mguse!" na wengine, wa kwetu, "Pita! Pita, mzee!"

Ndipo akasema, si kwa sauti kubwa, lakini watu walikuwa wamekaribia, "Baba, pita."

"Amemwita nani baba?" mmoja wa watazamaji akauliza.

"Yawa! Ni mkwewe!" aliitikia mtu kutoka upande wa lori. "Huyu ndiye baba yake Akinyi!"

Kicheko kilichoinuka hapo sitakieleza. Mtupaji wao, aliyekuwa ameelewa sasa kwa nini mipira yake ilikuwa ikipotea tangu asubuhi, alianza kutimua mbio kutoka katikati ya uwanja, akipaza sauti, "Nipe mimi! Mimi si mkwe wa mtu!" Nilipomwona anakuja na hasira zile, nikaamua kuingia liwalo na liwe. Ochieng' akarudi nyuma kunipa nafasi, kisigino chake kikagonga gunia, akaenda chali. Na mimi miguu yangu ikishaanza kukimbia haisimami kwa kuambiwa. Nilijikwaa juu yake, nikageuka hewani (sijui kwa nini niligeuka, labda niliona aibu kuanguka naye uso kwa uso), nikatua. Nimekaa, mgongo wima, kama niko mezani ofisini. Chini yangu kifua cha Ochieng', na juu ya kifua chake glavu, na ndani ya glavu mpira.

Mwamuzi, Mwalimu Marwa, Mkuria asiye na haraka, alikuja akatuzunguka mara moja kama anayepima kiwanja.

"Mzee, mpira umekugusa kabla hujagusa besi, au baadaye?"

"Sikuona."

"Ochieng', umemgusa?"

Sauti ikatoka chini yangu, nyembamba kwa kukosa pumzi. "Mwalimu, mimi sikumwangalia mzee."

"Basi mzee, shuka kwanza."

Niliposhuka nilimwona jagam. Alikuwa amesimama karibu na lori, kitenge amekifunga vizuri kiunoni, hakucheka hata kidogo. Alinitazama, akasema, "Haya. Nimeona," akapanda mbele karibu na dereva. Marwa alisema hawezi kutoa uamuzi juu ya jambo lililotokea chini ya makalio ya mtu, na mechi itarudiwa. Lori likaondoka.

Kaka yangu mkubwa aliposikia alisema Ochieng' ndiye mwenye kosa, kijana hawezi kuanguka chini ya baba mkwe, walete mbuzi. Jioni ya pili tukapata habari kwamba kwao wanasema mbuzi nitoe mimi, kwa sababu aliyeanguka kwanza hakumwangukia mtu, ila aliyeanguka wa pili. Watu wazima, pande zote mbili, wanabishana nani alikuwa chini ya nani.

Akinyi hakuingia katika ubishi huo. Alinikuta nashona goti la suruali, akakaa mbali nami kidogo.

"Baba, ulimwona saa ngapi?"

"Nani?"

"Baba."

"Wakati wanashuka kwenye lori."

"Saa tatu."

"Saa tatu na robo."

"Na hukumwambia mtu. Yeye alikuwa anarudi nyuma kwa heshima yako, wenzake wanamtukana, na wewe unahesabu alama."

Kazini nimesikiliza washtakiwa wengi wakitafuta jibu la swali kama hilo. Usiku huo huo nilichukua karatasi, nikaandika yote kwa mpangilio, kama ninavyoandika kazini: nilipomwona, nilivyofunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka, alama zile tatu, na kwamba kijana hakukosa popote tangu mwanzo hadi alipokuwa chini yangu. Kaka yangu alisema mtu haandikii watu wa upande wa pili makosa yake mwenyewe, ni kama kuvua nguo. Nikamwambia nguo ilishapasuka. Jumatatu nikampelekea jagam barua hiyo mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kifuani, akasema atawafikishia.

Besiboli nimeacha. Glavu nimemrudishia Onyango, na nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitakanyaga tena uwanja wowote bila kwanza kusoma majina ya upande wa pili, na nikiona hata mmoja ambaye anaweza kuniita baba, nitakaa na watazamaji nile njugu zangu.

Ziara ni Jumamosi ijayo. Jagam hajarudi. Asubuhi hii mke wangu ameniuliza aazime viti vingapi kanisani, nami nimetoka nje kuangalia kama jagam anakuja.