Duara la Mjomba Masanja

Sisi tuliosoma shule ya msingi Tinde enzi zile za kidumu cha maji mkono mmoja na fagio mkono wa pili, hatukujua kwamba jua linaashiria kitu. Jua lilikuwa jua. Lilituchoma utosi kutoka nyumbani hadi mstarini, na ukichelewa mwalimu wa zamu alikuwa anakusubiri getini na fimbo ya mkwaju.

Leo nafundisha Kiswahili sekondari, mjini Shinyanga, na nimechoka. Wiki nzima nimesahihisha majibu ya swali moja: eleza mandhari na ishara katika hadithi fupi ya mvulana aliyesafiri mbali kumfuata mtu aliyemhusudu, akakuta siye. Wanafunzi wangu karibu wote wameandika kwamba vumbi linaashiria umaskini na barabara inaashiria safari ya maisha. Hakuna aliyeandika kwamba yule mvulana aliumia. Nilipowauliza, binti mmoja wa dawati la mbele akanijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hilo halipo kwenye mwongozo."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mvulana wa namna ile namfahamu. Nilikuwa mimi.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, utajiri ulikuwa karibu sana na sisi, tena bila simu. Mgodi wa almasi wa Mwadui haukuwa mbali, kwa hiyo kuku akichinjwa tulipasua firigisi yake taratibu, tukipekua kila kijiwe kwa kuamini kwamba huenda kuku alimeza almasi. Hatukupata hata siku moja, na hatukuacha kupekua. Tulicheza mpira wa matambara kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa pamba, tukarudi miguu imechanwa na visiki vya mipamba, tukala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kuchemsha kwa karanga na maziwa mgando. Mama alikuwa akisema, "Ukiona mtoto wangu hali, jua ni maiti." Nilikuwa sibakizi.

Mtu wangu mkubwa katika maisha hayo alikuwa Mjomba Masanja, mdogo wake mama. Alikuwa akiishi machimboni Geita, na alikuja kwetu mara moja kila mwaka, baada ya mavuno. Alishuka kwenye basi na redio begani, viatu vya kung'aa na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Jioni aliketi uani akatuhadithia juu ya duara lake, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu. Alisema lina winchi ya kuvutia mawe, na vijana kumi na wawili wanashuka humo kwa amri yake.

"Ukikua, mjomba, utakuja tulisimamie pamoja," aliniambia.

Basi nikaacha kushika vitabu. Nilikuwa darasa la sita, na sikuona sababu ya kuhangaika na hesabu wakati duara lipo. Nilijivuna shule nzima. Aliyenisikiliza kuliko wote ni rafiki yangu Kulwa, kijana mpole aliyekuwa akishika namba moja kila muhula. Kulwa aliuliza maswali ya maana: kina chake mita ngapi, maji yakijaa wanayatoaje. Nilimjibu yote, na mengine nilitunga.

Likizo ya Juni mama alichoshwa na kelele zangu. Akaniombea nafasi kwenye basi, akanikabidhi kwa kondakta, akasema, "Nenda ukaone."

Tulipita Isaka, tukapita Kahama, nikafika machimboni kesho yake mchana nimegeuka rangi ya udongo. Palikuwa na vibanda vya maturubai, mashimo yaliyozungushiwa magogo, mashine zikisaga mawe hadi sauti ya mtu haisikiki. Nilimuuliza kila niliyemkuta, "Duara la Masanja liko wapi?" Hakuna aliyelijua. Mwishowe mama mmoja muuza maji akasema, "Masanja yupi, mpishi?"

Nilimkuta nyuma ya turubai moja, kifua wazi, amesimama juu ya tofali akisonga ugali kwenye sufuria kubwa kama pipa. Hakuwa na miwani. Wachimbaji walikuwa wameketi chini wakimsubiri. Aliponiona, mwiko ulisimama.

Jamani, mtoto wa miaka kumi na mbili hana huruma. Sikumwamkia. Nilisema mbele ya wote, "Mjomba, duara lako liko wapi?"

Mchimbaji mmoja akacheka, akasema, "Si hilo anasonga humo?" Wengine nao wakacheka.

Mjomba hakucheka wala hakukasirika. Alifuta sahani kwa kitambaa, akapakua ugali, akaweka nyama kubwa kuliko ya mtu yeyote pale, akanisogezea. "Kaa, mjomba," akasema. "Kula kwanza. Umetoka mbali."

Sikula. Nilikaa siku mbili nikinywa chai tupu, sisemi naye, kisha nikapanda basi. Alinifungia chapati na nyama kwenye gazeti. Nilipofika Kahama nikampa mtu nisiyemjua.

Mama aliniuliza kama mjomba hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza na duara. Nikasema linaendelea vizuri. Aliniangalia kidogo, akaenda kuendelea na kazi zake.

Shule ilipofunguliwa, darasa zima lilinizunguka. Nilitaka kusema kweli, wallahi nilitaka. Lakini nikamwona Kulwa ameniinamia kusikiliza, nikaona aibu. Nikawaambia winchi niliiona kwa macho yangu. Nikaongeza vijana kutoka kumi na wawili hadi ishirini. Nikarudi kwenye vitabu kimyakimya, nikasoma kama mtu anayefukuzwa.

Kulwa alifaulu darasa la saba. Siku hizo kuchaguliwa kwenda sekondari lilikuwa jambo la kuchinjiwa mbuzi, na baba yake alichinja. Siku ya kuripoti, Kulwa aliaga, akavuka barabara, akapanda basi la Geita. Alikwenda kwenye duara la mjomba wangu.

Alirudi baada ya miaka miwili, amekonda, anakohoa. Mimi nilikuwa likizo, nimevaa sare ya sekondari, kwa nafasi aliyoiacha yeye. Tulikutana kisimani. "Mjomba wako anapika vizuri," akaniambia. "Alinieleza duara lilivyotitia. Poleni sana." Kwa hiyo mjomba alinifichia uongo wangu kwa kuongeza wa kwake. Nilichota maji nikaondoka.

Miaka imepita. Mjomba Masanja tulimzika zamani. Kulwa anaziba matairi ya malori Isaka, ana mke na watoto, na mwezi uliopita aliniita. Mwanawe wa kidato cha tatu anataka kuacha shule aende machimboni. "Wewe ni mwalimu," akasema, "mwambie."

Nilimkuta kijana ameketi juu ya tairi na simu, anaangalia picha za vijana wa rika lake waliosimama kando ya mashimo na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Nikaona hakuna namna. Nikamsimulia yote, baba yake akisikia: sufuria, sahani niliyoikataa, uongo wa darasani, hata lile duara la kutitia. Nilipomaliza sikuthubutu kumtazama Kulwa.

Aliendelea kupiga tairi nyundo. "Nilijua," akasema. "Watu wa pale waliniambia siku ya pili."

"Mbona hukunisema?"

"Mjomba wako aliniomba. Alisema wewe bado mtoto."

Yule kijana akainua macho kutoka kwenye simu, akauliza kwa heshima zote, "Shikamoo tena, mwalimu. Sasa hilo duara lililotitia, watu wameshalifukua?"

Ningemzaba kibao kama angekuwa wangu. Nusu saa nzima nimemwaga aibu ya miaka thelathini, yeye amebaki na shimo. Kulwa akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Sisi nani alituweza?"

Juzi Kulwa alinipigia. Kijana ameondoka bila kuaga, amewafuata watu aliowajua kwenye simu, ambao hajawahi kuwasalimia kwa mkono. Nimekaa na rundo langu la madaftari nikishindwa kusahihisha. Sisi tulidanganywa, sikatai, na mtu mmoja aliyevaa miwani mara moja kwa mwaka. Lakini tulipofika huko kwenye vumbi, aliyetudanganya alitupakulia, akatuambia tukae tule. Huyu wa Kulwa sijui amepokewa na nani.