Ijendu na Saa ya Njia

Kazi yangu ni maturubai na viti vya plastiki. Hakuna anayezikwa hapa kijijini Umuechara bila mimi kujua, maana kabla maiti haijatolewa mochwari lazima mtu aje kuniuliza kama turubai lipo. Na ninapofunga turubai, Ijendu yuko chini yake na nyaya zake. Yeye huniita Baba Viti, mimi humwita Dada Nyaya, na nafasi ikipatikana tunagombania jenereta.

Ni mwanamke mfupi, mjane, mwenye sura ya upole na mdomo wa pilipili. Alianza kwa kupiga picha za harusi pamoja na marehemu mumewe, enzi za kanda. Siku hizi kazi yake ni kisanduku. Kina ukubwa wa mkate, na kikifanya kazi kinapata joto kama kuku aliyeatamia. Kinachukua picha kutoka kwenye kamera zake, kinaziminya, kinazisafirisha kwa laini nne za simu, na kuzigawa Facebook, YouTube na TikTok kwa mpigo. Mtoto aliye Houston, aliye Guangzhou na aliye Dublin wote wanamlilia mama yao wakati mmoja.

Wakati mmoja na wenzao tu, si na sisi tulio kando ya kaburi. Ijendu ana desturi yake, na wenzake wote wa kazi hiyo katika eneo letu wameiga. Picha haitoki mpaka ilale saa nzima kwenye kadi ya kisanduku. Walio ng'ambo wanapoona jeneza linashuka kaburini, sisi tayari tunakula. Saa hiyo tunaiita saa ya njia.

Chanzo chake ni mazishi fulani kijiji cha pili. Kwetu mtu aliyetoka ng'ambo ni nyama inayotembea; wapo wanaomvizia ili ndugu zake wauze mashamba kumkomboa. Siku ile, katikati ya salamu za watazamaji, mtu aliyejiita Mwana wa Nyumbani aliuliza kwa adabu kabisa, "Huyo mwenye kofia nyekundu ndiye kifungua mimba?" Mpumbavu mmoja akamjibu kwa fahari kwamba ndiye, na gari lake ni lile jeupe. Mwenye kofia nyekundu hakufika barabara kuu. Alirudishwa miezi baadaye, na mpaka leo ukimsalimu anatazama ukuta. Ijendu ndiye aliyekuwa amerusha picha ile. Hakuna aliyemlaumu, lakini tangu hapo saa ya njia ikazaliwa, ili picha ikionekana mwenye safari awe keshapita, na jina lile likawa kama jina la nyoka, halitajwi ovyo.

Sasa, mama yake Obiajulu akafa. Obiajulu ni mfanyabiashara wa vipuri huko Guangzhou, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, amepewa uchifu na anapenda kuitwa Chifu. Alikuja mazishini na askari wa kumlinda. Mdogo wake, Tobenna, yuko Houston na karatasi zake hazijakamilika. Akitoka Marekani harudi tena. Obiajulu alimfuata Ijendu nikiwa juu ya ngazi nafunga kamba.

"Dada Ijendu, mama anashuka kaburini, halafu Tobenna aone baada ya saa nzima kama mechi ya marudio?"

"Chifu, saa hiyo si yangu. Ni ya barabara."

"Barabara nimeiwekea askari."

"Askari nao wanakula wali. Wewe utaondoka, wao wanamalizia mifupa."

Hakucheka. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Kila mtoto hutupa udongo na kusema neno lake. Mimi nitautupa kwa niaba ya Tobenna, lakini neno aseme mwenyewe, kwenye spika, udongo ukiwa unaanguka. Nikimnyima hilo, nimemzika na yeye."

Nilimwona Ijendu akilegea. Alimzika mumewe, anajua neno lisilosemwa linavyokaa kooni. Akasema atafungua mlango wa uani kwenye kisanduku: picha ya hapo hapo, kiungo cha siri, cha Tobenna peke yake. Walimwengu wengine watangoja saa yao.

"Asiingie mtu mwingine, Chifu. Hata mke wake."

"Hana mke."

"Basi hata atakayempata."

Siku ya mazishi mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kuyaogopa. Obiajulu alishika udongo, spika zikakwaruza, na sauti ya Tobenna ikatua juu yetu kutoka upande wa pili wa dunia. "Mama," alisema, "nimechelewa. Nisamehe, nimechelewa." Kisha akashindwa kuendelea, na udongo ukasikika ukigonga jeneza. Nililia, mimi niliyehudhuria mazishi mengi kuliko padri.

Tukarudi uwanjani. Kwetu kifungua mimba hukaa kwenye kiti chake mbele ya turubai, na makundi yanamjia kwa ngoma, moja baada ya jingine: wa rika lake, wakwe, kina mama wa kanisa. Wa mwisho ni umuada, mabinti wa ukoo walioolewa nje, na hao ndio wenye msiba. Ukiinuka kabla hawajacheza umewatukana, na faini yake inatembea kwa miguu minne. Obiajulu alitakiwa kukaa mpaka jioni.

Kina mama wa kanisa walikuwa bado wanacheza Ijendu aliponiita. Hakuniita Baba Viti. Aliniita kwa jina langu, Okwudili, na nikajua kuna jambo.

Alinionyesha kioo kidogo cha kisanduku. Kwenye mlango wa uani, ambapo asubuhi nzima palikuwa na mtazamaji mmoja, sasa palikuwa na mamia, na namba ilikuwa inapanda tukiitazama.

Akampigia Tobenna. Nilisikia upande wa pili kijana akivuta kamasi.

"Nimewapa watu wa kwetu tu, dada. Kwenye kundi la chama cha kijiji, hapa Houston. Ulitaka nilie peke yangu chumbani kama mtu aliyetengwa na ukoo?"

Ijendu alifumba macho. Hata mimi, niliyezaliwa na hasira, sikuweza kumkasirikia kijana. Kwetu anayelia peke yake ni yule aliyelaaniwa. Kifo cha wengi harusi, na Tobenna alitafuta wengi wake. Watu wa kwetu wakawapa watu wa kwetu, nao wakawapa wengine.

Kisha akanionyesha salamu. Pole nyingi, maua, mishumaa, na katikati yake lile jina. *Mwana wa Nyumbani: Mama apumzike.* Chini kidogo: *Chifu kapendeza. Nguo hiyo ndiyo atakayosafiria?* Na mwisho, wakati huo huo tukisoma: *Ataondoka baada ya umuada, au kabla?*

Mgeni hajui habari za umuada. Aliyeandika hivyo amekwisha kula wali kwenye viti vyangu. Niliwatazama watu chini ya turubai langu, nusu yao simu ziko mkononi, na kila uso niliuchukia. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo, lakini siku ile nguo ilikuwa kijiji kizima.

"Zima," nikamwambia.

"Nikizima watajua tumejua. Watamfuata hapa hapa, na watoto wamejaa."

"Tuwaambie askari."

"Yupi? Nao wana simu." Akatazama lango. "Ambulensi iliyomleta mama imeondoka?"

Ilikuwa bado. Dereva alikuwa anamalizia supu.

Nilikwenda kumnong'oneza Obiajulu kwamba tumbo linamuuma, aingie ndani ya nyumba. Akasema tumbo lake ni zima. Nikamwambia si zima, Chifu, hebu inuka uone lilivyo bovu. Akaniangalia, akaelewa nusu, akainuka. Alipoinuka tu, Ijendu alibonyeza kisanduku. Walio nje wakaanza kuona picha ya mapema, kutoka kwenye kadi: Chifu kwenye kiti chake, anatabasamu, anapepea kitambaa.

Uani, Obiajulu aliiona ile machela ndani ya gari, akarudi nyuma mpaka akagonga pipa la maji.

"Nilale alipolala mama yangu?"

"Alilala akiwa amekufa," Ijendu akasema. "Wewe lala ukiwa hai."

"Na umuada? Nitawaambia nini dada zangu?"

"Watakutoza mbuzi. Chifu, ingia, mbuzi anauzwa sokoni, wewe huuzwi."

Jitu lile lilipanda likilia kama mtoto. Tulimfunika kwa shuka nyeupe. Dereva kwa mazoea alinyoosha mkono kwenye king'ora, Ijendu akamshika kiganja. "Gari linarudi tupu, baba. Gari tupu halipigi king'ora."

Gari likatoka langoni polepole, mbele ya watu wote, na baadhi ya wazee wakavua kofia kwa heshima.

Sisi tukarudi kungoja. Sijui kungoja kulikochosha kama kule. Picha ya Chifu aliyetabasamu iliendelea, umuada walikuja, tukawaambia Chifu amelala ndani na tumbo, wakacheza mbele ya kiti kitupu, wakalaani, wakatangaza faini, na Ijendu alikaa mbele ya kisanduku bila kula. Jua lilipokuwa linashuka simu yake ikalia. Obiajulu, kutoka Asaba, ng'ambo ya mto.

"Nimevuka," akasema, akakata.

Jioni hiyo waliokuwa wanarudi mjini walikuta gogo limelazwa barabarani pale kwenye kalavati, kabla ya barabara kuu. Wanaume waliofunika nyuso walimulika kila gari, abiria mmoja mmoja. Hawakuchukua hata simu. Waliuliza swali moja tu, "Chifu yuko gari lipi?" Kisha wakawaruhusu wapite.

Nililala usingizi mnono, nawaambia kweli. Nilidhani limekwisha.

Asubuhi nilikuwa nashusha maturubai na kuhesabu kwa laana viti vilivyovunjika, Ijendu akaja kwa miguu. Alinipa simu yake. Ujumbe ulikuwa mfupi.

*Dada Ijendu, kivuli cha turubai kilikuwa kimefika miguuni mwa wacheza ngoma, mara kikarudi chini ya meza. Jua la kwetu halirudi nyuma. Hongera. Tumekuona.*

Nimefunga maturubai maisha yangu yote. Najua kivuli chake kinavyotambaa, huwa nakifuata nikisogeza viti vya wazee. Na bado sikuliona hilo. Wao waliliona.

"Ondoka," nikamwambia. "Nenda Enugu kwa dada yako."

"Jina langu na namba yangu ziko kwenye kila bango la msiba kutoka hapa mpaka Nnewi, Baba Viti. Enugu hakuna mabango?"

"Basi acha kazi."

"Nile nyaya?"

Alikaa kwenye kiti changu kimoja, kile chenye mguu uliopasuka. Alikuwa anaogopa sana. Mtu asije akaniambia alikuwa shujaa. Alikaa pale mpaka nikamaliza kukunja turubai la mwisho, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyewanyima picha. Nitawapa."

Tangu siku hiyo anafanya jambo lililo kinyume na kila alichotufundisha. Misiba ya watu bado inalala saa yake nzima kwenye kadi. Lakini akimaliza kazi anabandika kamera ndogo kwenye kioo cha gari lake, anaiunganisha na kisanduku kilichofungwa mkanda kiti cha abiria, na kujirusha mwenyewe, hapo hapo, Facebook, YouTube na TikTok, mpaka mlangoni kwake. Hasemi kitu. Ni barabara tu, vichaka, na mkono wake kwenye usukani. Anasema akija mtu kumsimamisha, dunia nzima itakuwa imeuona uso wake kabla hajaufunika.

Mwanzoni dunia nzima ilitazama kweli. Tobenna alihakikisha, chama chote cha Houston kilikuwa kinamsindikiza, wengine wanaandika sala, wengine wanamtania mashimo anavyoyakwepa. Lakini watu wana kazi zao, na barabara ni barabara. Wakapungua. Hata Tobenna amepata zamu mpya kiwandani.

Mimi sikosi. Nikifika nyumbani nakaa na simu mkononi na chakula kinapoa, mke wangu ananung'unika, namwacha anung'unike. Pale kwenye kalavati mtandao ni dhaifu, hata laini zake nne hazifui dafu. Picha huganda. Juzi iliganda muda mrefu kuliko siku zote, kichaka kimoja, ukingo wa saruji, na kiduara kinazunguka katikati. Nilisimama. Nilisahau hata kuomba.

Kisha ikarudi. Barabara, mkono wake, usukani. Nikashusha pumzi, nikatazama pembeni mwa kioo, pale panapoandikwa idadi ya watazamaji.

Wawili. Mmoja ni mimi.