Magoti ya Nyasi

Mwanangu, kila harufu ya mvua ya kwanza inapopanda kutoka kwenye vumbi, naikumbuka siku moja pale kijijini kwetu Gendabi, enzi za Mwingereza, siku niliyokaribia kumuua ng'ombe wa bibi yangu kwa elimu.

Nilikuwa msichana wa shule ya kati, nimerudi likizo na daftari moja na kiburi cha madaftari kumi. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mimea ya maua ina makundi mawili makubwa. Kundi moja mbegu yake hugawanyika pande mbili, kama harage. La pili mbegu yake haigawanyiki, kama hindi, na majani yake yana mishipa iliyonyooka sambamba. Nyasi zote zimo katika kundi hilo la pili. Ah, jinsi nilivyolipenda somo lile! Nilitembea mashambani nikiyaangalia majani kama mtu anayesoma barua.

Kiangazi kilikuwa kimekula kila kitu. Bibi alibakiwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, Madoa, aliyeumia mguu na kufungwa ndani ya nyumba yetu, tukilala tukisikia pumzi zake. Mdogo wangu, hata jino hana, aliishi kwa maziwa hayo.

"Kamkatie Madoa nyasi," bibi aliniambia. "Usichokijua, uliza."

Kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona ni aibu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne tu, na bondeni nilikuta majani mapana, mabichi, yanang'aa. Nikalitazama jani moja: mishipa sambamba! Nikajaza kikapu, nikarudi naimba.

Madoa alikuwa ameshika fungu la kwanza mdomoni alipoingia jirani yetu mfugaji, mzee Gidamuda, aliyekuja kuutazama ule mguu. Hakusalimia. Alimrukia ng'ombe, akatia mkono mdomoni mwake hadi kwenye kiwiko, akayatoa yale majani.

"Nani kaleta sumu hii?"

"Shikamoo, mzee. Ni nyasi. Zina mishipa sambamba."

"Marahaba. Fisi ana miguu minne, na Madoa ana minne. Utawalaza pamoja?"

Bibi alicheka. Mzee akanipeleka bondeni, akachimba: chini ya jani kulikuwa na kitunguu cha porini chenye sumu, nacho ni cha kundi lile lile la pili; huchipua haraka kuliko nyasi, ndiyo maana ng'ombe wenye njaa hudanganyika. Kisha akang'oa nyasi halisi, akaupitisha ukucha wangu juu ya shina lake.

"Hapa pana fundo. Na hapa. Haya ni magoti. Nyasi zina magoti. Hicho kitunguu chako hakina."

Tulirudi tukakaa kumtazama Madoa, kama alikuwa amemeza sumu yoyote. Sikula. Jua lilikuwa linaelekea mlima Hanang Madoa aliposhusha pumzi, akaanza kucheua taratibu, kama bibi kizee anayekumbuka jambo tamu. Bibi alipiga kigelegele hadi mtoto akaamka.

"Haya, msomi," mzee akasema, "nawe nifundishe kitu."

Nikamwambia kwamba ng'ombe, mbuzi, kondoo, swala na twiga, wote wanaocheua, wamewekwa katika kundi moja. Akatikisa kichwa kwa furaha. "Undugu wao tuliujua. Hatukujua kwamba umeandikwa."

Basi, mwanangu, mdharau mwiba mguu huota tende. Jifunze makundi ya viumbe, ni maarifa matamu. Lakini kundi ni mlango wa nyumba: ukishaingia, wajue na waliomo, mmoja mmoja. Chimba uone mzizi. Muulize aliyeishi na kiumbe hicho, hata kama hajui kusoma jina lake.

Nyasi ikilazwa na kwato za ng'ombe, huinuka tena kwa magoti yake. Nimeiona mara nyingi. Mungu akupe magoti kama hayo, ya kuinama ukauliza, na ya kuinuka ukikosea. Na nyumbani kwako maziwa yasikauke.